Mkusanyaji, Mchongaji na Mtumishi

Tunapowasomesha vijana maisha ya wakwasi waliopenda sanaa, aghalabu twawahesabia mali yao tukaishia hapo. Kwa maoni yangu, maisha ya Charles Ephrussi yana funzo lipitalo hesabu hiyo.

Ephrussi alizaliwa mwaka 1849 mjini Odessa, katika ukoo wa Kiyahudi uliotajirika kwa biashara ya nafaka. Alipohamia Paris aliwaachia nduguze kazi ya benki, naye akajitosa katika sanaa. Aliandika kitabu kuhusu Albrecht Dürer, akamiliki jarida la Gazette des Beaux-Arts, na akanunua picha za Manet na Renoir wakati wengi wakizibeza.

Hatimaye alikusanya netsuke 264 kutoka Japani. Netsuke ni kinyago kidogo, cha kuenea kiganjani, kilichochongwa kwa pembe ya ndovu au kwa mti. Kimono haikuwa na mifuko; hivyo mwanamume alining'iniza kijaluba cha dawa au mfuko wa tumbaku kwa kamba iliyopitishwa nyuma ya mshipi, na netsuke ikaizuia isichomoke. Baada ya mwaka 1868, suti zenye mifuko zilipoanza kuvaliwa, vinyago hivyo viligeuka bidhaa ya wageni. Miongoni mwa vya Ephrussi yumo sungura mwenye macho ya kaharabu.

Mwaka 1899 alimtunukia Viktor, binamu yake wa Vienna, vinyago vyote kama zawadi ya arusi. Charles alifariki mwaka 1905. Mwaka 1938 Wanazi waliipora nyumba ya Viktor. Ukoo wasimulia kwamba mtumishi wao, Anna, alivitia vinyago katika mfuko wa aproni yake, vichache vichache, akavificha ndani ya godoro alilolalia. Vita vilipokwisha, alivirudisha vyote.

Walimu wenzangu, wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Vinyago vilihesabiwa hadi cha mwisho, lakini familia aliyoitumikia Anna haikuhifadhi jina lake la pili. Simnyimi Ephrussi sifa zake. Jicho lake lilitambua uzuri mapema. Hata hivyo, mwanafunzi asiyeuliza ni nani aliyechonga na ni nani aliyehifadhi, atakuwa amesoma theluthi moja tu ya historia hii.