Seremala wa Vitofali: Maisha ya Ole Kirk Christiansen

Mwaka huu kila mwanachama wa Chama chetu cha Kiswahili aliambiwa aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu walimkimbilia Mekatilili wa Menza, wengine wakamchukua Shaaban Robert, na mmoja akaninyang'anya Fumo Liyongo huku naona. Mimi nimemchagua seremala wa Denmaki. Najua mtauliza, Denmaki na Ngomeni wapi na wapi? Tulieni, nitawaeleza.

Mliohudhuria siku ya wazazi muhula uliopita mnaikumbuka ile katuni ya kompyuta. Vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea watoto, vilikuwa vikishuka kimoja kimoja kutoka hewani na kupangana vyenyewe, hadi vikawa jukwaa la San Marco, lile lile tunaloliona baharini tukisimama ufuoni. Jukwaa hilo lilisimamishwa katika miaka ya 1960 na Waitaliano walioongozwa na Profesa Luigi Broglio. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti moja ilirushwa kutoka hapo, ikapewa jina la Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Roketi ya mwisho iliondoka mwaka 1988. Mimi sikuwa nimezaliwa, na mama yangu alikuwa mtoto. Ndiyo sababu nilitaka kulijenga upya, japo kwa vitofali.

Katuni ile niliitengeneza mimi. Mlinipigia makofi, nami nikainamisha kichwa kama msanii. Leo namsimulia mtu aliyeleta vitofali vile duniani, na katika kumsimulia yeye itanibidi nikiri jambo langu.

Ole Kirk Christiansen alizaliwa tarehe 7 Aprili 1891 huko Filskov, kijiji cha Jutland nchini Denmaki. Kwao walikuwa watu maskini. Alijifunza useremala kwa kaka yake, kisha akaenda kutafuta kazi Ujerumani na Norwe kama vile vijana wetu wanavyokwenda Mombasa. Mwaka 1916 alirudi akanunua karakana ya mbao katika kijiji cha Billund. Usidhani palikuwa mji. Palikuwa pahali padogo pa wakulima, na seremala aliishi kwa kuwatengenezea milango, madirisha na makabati, au kuwajengea nyumba mavuno yakiwa mazuri.

Mwaka 1924 wanawe wawili wadogo walichezea moto ndani ya karakana. Maranda yakashika, na kabla watu hawajakusanyika, karakana na nyumba ya kuishi vyote vilikuwa majivu. Mwingine angewafukuza watoto au angeuza kiwanja ahame. Yeye alijenga tena, na safari hii akajenga kubwa kuliko ya kwanza.

Balaa haiji peke yake. Mwaka 1932 mkewe alifariki, akamwachia watoto wanne wa kiume. Wakati huo dunia nzima ilikuwa katika msukosuko wa uchumi. Wakulima wa Billund hawakuwa na pesa, na asiye na pesa hajengi nyumba. Ole Kirk aliwaachisha kazi mafundi wake. Basi akaanza kutumia mbao kutengeneza vitu vidogo ambavyo mtu angeweza kumudu: ngazi, meza za kupigia pasi, na vitu vya kuchezea watoto, kama magari, ndege na bata wa kukokotwa kwa kamba. Wengine walimwona amepungukiwa na akili. Fundi mzima, mjane, ati anachonga bata!

Kuna wakati vijigurudumu vya yoyo vilipendwa sana, akatengeneza tele. Mara watu wakazichoka, na yeye akabaki na marundo. Hakuzitupa. Alizikata katikati, nusu zile zikawa magurudumu ya magari ya kuchezea. Mnaona akili hiyo?

Mwaka 1934 alitaka kampuni yake iwe na jina. Aliwashindanisha wafanyakazi wake, lakini mwishowe akachagua jina alilolibuni mwenyewe, Lego, kutokana na maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya kucheza vizuri.

Sasa sikilizeni kisa cha bata, kwa maana ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Bata wa Ole Kirk walipakwa vanishi mikono mitatu. Siku moja mwanawe Godtfred, aliyekuwa akimsaidia kazini, alipeleka masanduku ya bata kwenye stesheni ya gari la moshi. Akarudi nyumbani amechangamka, akamweleza baba yake kwamba amewapunguzia gharama: amewapaka bata wale mikono miwili tu, na hakuna atakayejua. Baba hakumsifu. Alimwambia arudi stesheni, ayarudishe masanduku yote, awafungue bata, awapake mkono wa tatu, awafunge tena na kuwapeleka, peke yake, hata kama ni usiku kucha. Na kijana alifanya hivyo. Alipokuwa mtu mzima mwenye kiwanda, Godtfred mwenyewe ndiye aliyekuwa akikisimulia kisa hicho.

Ndugu zangu, niliposoma hapo nilifunika kitabu. Nilijiona mimi ndiye Godtfred, tena mimi nilikuwa sijarudi stesheni.

Nieleze kidogo jinsi katuni ile inavyotengenezwa. Niliazima sanduku la vitofali vilivyotumika kutoka shule ya msingi jirani. Nikavipima kwa rula: kutoka kinundu kimoja hadi cha pili ni milimita 8, na kimo cha kitofali bila vinundu ni milimita 9.6. Vitofali vya ndani ya kompyuta havinunuliwi, maana kuna hazina yake ya bure iliyoanzishwa mwaka 1995 na kijana wa Australia, James Jessiman, aliyefariki mwaka 1997 angali kijana. Nikaviingiza katika programu ya Blender, ambayo pia ni ya bure. Hapo unaanzia mwisho. Kwanza unajenga jukwaa zima likamilike. Kisha unashika kitofali kimoja kimoja, unakiambia kompyuta kwamba katika picha fulani kitofali hiki kiwe juu hewani, na katika picha fulani kiwe kimefika pahali pake. Kompyuta inajaza picha za katikati yenyewe. Ukionyesha picha 24 kwa kila sekunde, macho yanaona kitofali kinashuka.

Filamu yangu ilikuwa ya sekunde 40, yaani picha 960. Kompyuta ya kuazima niliyotumia ilichora picha moja kwa dakika 3. Pigeni hesabu: ni saa 48, mradi stima isipotee. Na jukwaa lilikuwa na vitofali 212, kila kimoja kinataka kupewa mwanzo wake, mwisho wake na wakati wake. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Nikaona vitofali 36 viko ndani kabisa, chini ya sakafu ya jukwaa, pale vinapoishika miguu. Kamera haipiti huko. Nikavifuta. Nikajiambia, nani atajua?

Na kweli hakuna aliyejua. Kwenye kompyuta hakuna uzito. Kitofali ukikiacha hewani, kinakaa hewani. Mkapiga makofi.

Lakini wiki mbili baadaye nilipokuwa narudisha sanduku, mwalimu wa gredi ya pili katika shule ile jirani aliniomba filamu hiyo, ili watoto waitazame polepole, wasimamishe kila hatua na kujenga jukwaa lao. Nilimpa. Hata nilikaa kuwatazama. Walijenga vizuri sana, kwa utulivu ambao sisi kidato cha tatu hatuna. Walipoanza kupanga vitofali vya juu, sakafu ikatumbukia katikati na miguu ikaenda huku na huku. Wakajaribu tena, ikaanguka tena. Msichana mmoja mdogo, aliyekuwa ameweka kitofali cha mwisho, akamwendea mwalimu kuomba msamaha. Alidhani ameharibu yeye. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo dirishani, na sikusema neno. Nikaaga nikaenda zangu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu nilipokutana na wale bata.

Turudi kwa mzee wetu. Mwaka 1940 Wajerumani waliivamia Denmaki, na vita vikiwa bado vinaendelea, mwaka 1942 kiwanda chake kiliungua tena. Safari hii hata michoro na vielelezo vya vitu vyake vya kuchezea viliteketea. Inasemekana alikata tamaa, na nani asingekata? Hata hivyo alijenga tena, kwa sababu wafanyakazi wake walimtegemea.

Baada ya vita alifanya jambo lililowashangaza wengi. Mwaka 1946 alinunua mashine ya kumiminia plastiki katika kalibu, kwa bei kubwa mno kwa kampuni ndogo kama yake. Seremala aliyeipenda mbao maisha yake yote alikubali kujifunza kitu kipya akiwa na miaka 55. Tena tusimsifu kwa asichokifanya. Wazo la kitofali cha plastiki chenye vinundu halikuwa lake. Mwingereza Hilary Fisher Page alikuwa amekwisha kuvitengeneza, na Ole Kirk na mwanawe waliiga kutoka kwake walipotoa vitofali vyao mwaka 1949.

Vitofali vile vya mwanzo vilikuwa na kasoro, na hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Ndani vilikuwa vitupu! Kwa nje vilipendeza, lakini havikushikana imara, ukigusa nyumba inaachana. Walitafuta dawa kwa miaka mingi. Hatimaye wakatia mirija ndani ya kitofali, upande wa chini usioonekana, ikawa inavibana vinundu vya kitofali kingine. Hati ya kulinda uvumbuzi huo iliombwa Copenhagen tarehe 28 Januari 1958. Kwa hiyo kilichovifanya vitofali hivi viijaze dunia ni kile kilicho ndani, kisichoonekana. Kitofali cha mwaka 1958 ukikiokota leo, kitashikana na kipya cha dukani. Na vitofali sita tu vya rangi moja, vyenye vinundu vinane kila kimoja, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765.

Ole Kirk hakuyaona hayo mafanikio. Alifariki tarehe 11 Machi 1958, wiki sita hivi baada ya ombi lile, akiwa na umri wa miaka 66. Kampuni ikabaki mikononi mwa Godtfred, yule yule wa bata. Mwaka 1960 moto ulizuka mara nyingine katika upande wa vitu vya mbao, na tangu hapo wakaacha mbao wakabaki na vitofali.

Basi na mimi nilifanyaje? Babu yangu ni fundi wa mashua hapa Ngomeni. Jioni moja nilimkuta anatia kalafati, anashindilia pamba katika kila ufa kati ya mbao, hata zile za chini kabisa ambazo zitafunikwa na sakafu. Nilimwuliza kama na hizo ni lazima. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama samaki anahitaji maji, akaniambia kwamba huko ndiko bahari inakoanzia kuingia. Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake niliiwasha kompyuta nikavirudisha vitofali 36, kimoja baada ya kingine. Nilichukua siku tisa, na stima ilinipotea mara nne. Nikabadilisha na njia ya kamera, ipite chini ya sakafu, ili kila mtu aone vinavyopangwa. Sasa filamu ni ya sekunde 52. Kisha nikaipeleka shule ya msingi, na kabla ya kuionyesha nikasimama mbele ya watoto nikawaambia kwamba jukwaa lao lilianguka kwa kosa langu, wala si lao. Nilimtafuta kwa macho yule msichana. Alikuwa amekwisha kusahau, anataka tu kujua vitofali vyekundu viko wapi. Lakini mimi sikuwa nimesahau. Walijenga, na mara hii jukwaa likasimama. Wakaweka juu yake roketi waliyoitengeneza kwa karatasi.

Wazazi na walimu mliopiga makofi siku ile, nawaomba radhi. Mlionyeshwa bata wa mikono miwili. Filamu nzima ya sasa iko kwa mwalimu mlezi wa chama, anayetaka kuitazama amwombe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimejenga ukuta mara mbili, nashukuru ulikuwa wa vitofali. Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Tukijaaliwa tutaonana mwaka ujao nikiwa kidato cha nne, na safari hiyo huyo Fumo Liyongo ni wangu, asiniingilie mtu.