Wallace Carothers na Uzi Usiooza

Ukifika kwenye mwalo wa Mugango alfajiri, wakati mitumbwi inaporudi kutoka ziwani, utawaona wavuvi wakishusha samaki. Wengine wameketi chini wakishona nyavu zilizochanika usiku. Shika wavu mmoja uutazame vizuri. Uzi wake ni mwembamba, lakini si rahisi kuukata kwa mikono. Umeloa usiku kucha, lakini hauozi. Uzi huo haukutoka katika mmea wala mnyama. Ulitengenezwa na binadamu kutokana na kemikali. Jina lake ni nailoni.

Hapo zamani mambo hayakuwa hivyo. Wavuvi wa Ziwa Victoria walitumia migono ya kusuka na nyuzi za mimea. Mwaka 1905 nyavu za kutega zilizofumwa kwa uzi wa kitani zililetwa katika ghuba iliyo upande wa Kenya, nazo zikaenea kando ya ziwa lote. Nyavu hizo zilivua vizuri, lakini kila zilipotoka majini ilibidi zianikwe juani zikauke. Mvuvi aliyezembea aliukuta wavu wake umeoza, na mali yake imepotea. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zikaingia ziwani, na taabu hiyo ikapungua.

Sasa, mwanafunzi, utasoma habari za mtu aliyewaongoza wenzake kuutengeneza uzi huo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuuona ukiuzwa dukani.

Utoto na masomo yake

Wallace Hume Carothers alizaliwa tarehe 27 Aprili 1896 katika mji wa Burlington, jimbo la Iowa, nchini Marekani. Alikuwa mtoto wa kwanza katika watoto wanne. Baba yake alikuwa mwalimu katika chuo cha biashara, na kijana Wallace alianza kwa kujifunza utunzaji wa hesabu katika chuo hicho hicho. Lakini moyo wake ulipenda sayansi.

Akaenda katika Chuo cha Tarkio, jimbo la Missouri, kusoma kemia. Alijilipia masomo kwa kufundisha wenzake utunzaji wa hesabu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mwalimu wa kemia aliondoka chuoni, na Carothers, ambaye bado alikuwa mwanafunzi, akapewa kazi ya kufundisha kemia. Alihitimu mwaka 1920. Baadaye akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Illinois, akapata shahada ya udaktari wa kemia mwaka 1924. Mwaka 1926 alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard.

Kampuni ya kemikali iitwayo DuPont, iliyokuwa katika mji wa Wilmington, ilimwomba aje aongoze utafiti katika maabara yake. Carothers alisita. Aliiambia kampuni waziwazi kwamba mara kwa mara hupatwa na vipindi vya huzuni kubwa vinavyompunguzia uwezo wa kufanya kazi. Kampuni haikumkataa kwa ajili hiyo. Mwaka 1928 akaanza kazi.

Swali lililowagawa wataalamu

Ili uelewe kazi yake, yakupasa kwanza uelewe jambo moja. Vitu vingi vimefanyika kwa chembe ndogo sana ziitwazo molekyuli. Molekyuli ya maji ni ndogo mno, ina atomi tatu tu. Lakini je, pamba inayolimwa Mara imefanyika kwa molekyuli za namna gani? Na katani? Na mpira? Na wanga uliomo katika ugali wa muhogo?

Mwaka 1920 mwanakemia wa Ujerumani, Hermann Staudinger, alieleza kwamba vitu hivyo vina molekyuli ndefu sana. Kila moja ni kama mkufu wa shanga, yaani molekyuli ndogo ndogo nyingi zilizoungana moja baada ya nyingine. Vitu vya namna hiyo twaviita polima. Wataalamu wengi wa siku zile walimpinga. Waliona kwamba molekyuli kubwa kiasi hicho haiwezi kuwapo, na kwamba hizo ni molekyuli ndogo zilizokusanyika tu.

Carothers aliona njia ya kumaliza ubishi. Aliamua kuujenga mkufu mwenyewe, shanga baada ya shanga, kwa kutumia molekyuli ndogo zinazojulikana vyema na viungo vinavyojulikana vyema. Mkufu ukikamilika, nani atakataa kuwa ni mkufu?

Mikono miwili

Fikiri kwamba wanafunzi wa darasa lako wamesimama uwanjani. Kila mmoja ana mikono miwili, naye anamshika jirani yake wa kushoto na wa kulia. Mstari waweza kuwa mrefu kama watu walivyo wengi. Lakini mwanafunzi mmoja akiwa ameshika jiwe kwa mkono mmoja, mstari utakomea kwake.

Carothers alichagua molekyuli zenye “mikono” miwili, yaani zenye sehemu za kuungana katika ncha zote mbili. Zilipoungana, kila kiungo kilitoa molekyuli moja ya maji. Hapo ndipo penye tatizo. Maji yale yalibaki ndani ya mchanganyiko na kuvunja tena viungo vilivyokwisha kufanyika. Kwa hiyo mikufu haikurefuka.

Carothers na wenzake wakatumia chombo maalumu kilichoondolewa hewa, ambamo maji yalitolewa mara tu yalipotokea. Mikufu ikaanza kurefuka. Mwezi Aprili 1930 msaidizi wake, Julian Hill, alichovya kijiti katika polima iliyoyeyuka, akakivuta. Uzi mwembamba ukafuatana na kijiti. Uzi ulipopoa aliuvuta tena, nao ukarefuka mara nyingi zaidi ya urefu wake wa kwanza, ukang’aa kama hariri na kuwa imara. Sababu yake ni kwamba kuvuta kuliipanga mikufu ielekee upande mmoja, kama vile nyuzi za katani zinavyonyoshwa kabla ya kusokotwa kamba.

Mwezi huo huo maabara yake ilipata pia mpira wa kwanza wa namna mpya, ambao baadaye uliitwa neopreni. Mpira huo hauharibiwi upesi na mafuta.

Hata hivyo, uzi ule wa kwanza haukufaa kwa nguo. Uliyeyuka katika joto dogo kuliko la maji yachemkayo. Nani angenunua shati lisiloweza kupigwa pasi? Carothers akauacha kwa muda. Mwaka 1934 alirudi kazini kwa kemikali za aina nyingine. Tarehe 28 Februari 1935 nailoni yenyewe ikapatikana. Ilitokana na kemikali mbili, na molekyuli ya kila moja ilikuwa na atomi sita za kaboni. Kwa hiyo watafiti waliipa alama ya sita-sita. Haikuyeyuka mpaka joto lilipofikia kiasi cha sentigredi 260.

Huzuni na mauti

Mwaka 1936 Carothers alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, heshima kubwa kwa mtafiti wa kampuni. Mwaka huo huo alioa. Lakini mwezi Januari 1937 alifiwa na dada yake aliyempenda sana, na ugonjwa wa huzuni ukazidi. Mtu aliyekuwa ameibadili kemia alijiona ameshindwa na hana wazo jipya. Madaktari walijaribu kumtibu, lakini tiba za siku zile zilikuwa chache. Tarehe 29 Aprili 1937, siku mbili baada ya kutimiza miaka 41, ugonjwa huo ulimshinda, akafariki huko Philadelphia. Mtoto wake wa pekee alizaliwa mwezi Novemba mwaka huo.

Fahamu, mwanafunzi, kwamba huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Si uvivu, wala si laana, wala si upungufu wa akili. Mwaka 1942 mtaalamu wa Marekani, Carl Rogers, alitoa kitabu kilichoeleza njia ya kumsaidia mtu kwa kumsikiliza kwa makini na kumheshimu, bila kumlaumu. Siku hizi njia za kutibu ni nyingi zaidi kuliko za wakati wa Carothers. Moyo wako ukilemewa kwa siku nyingi, usinyamaze. Mwambie mzazi, mwalimu, mganga wa zahanati au ofisa wa ustawi wa jamii. Na mwenzako akikuambia habari zake, usimcheke. Msikilize, kisha mpeleke kwa mtu mzima.

Nailoni duniani na ziwani

Kampuni iliitangaza nailoni mwezi Oktoba 1938. Mwanzoni ilitumika katika miswaki. Mwezi Mei 1940 soksi ndefu za wanawake zikauzwa kote Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nailoni ilitengenezewa miavuli ya askari wa angani na kamba. Vita vilipokwisha ikarudi katika matumizi ya raia, na hatimaye ikafika kwa wavuvi wetu.

Lakini kila chombo chenye nguvu chahitaji mtumiaji mwenye busara. Samaki aitwaye ngege alikuwa amekwisha kuanza kupungua ziwani kwa kuvuliwa mno. Nyavu mpya, zilizodumu na kuvua zaidi, ziliongeza kazi hiyo. Tena uzi usiooza una hatari yake. Wavu wa kitani ukipotea majini huoza, lakini wavu wa nailoni ukipotea huendelea kuua samaki wasioliwa na mtu. Ndiyo sababu sheria husimamia ukubwa wa matundu ya nyavu. Nyavu chakavu zisitupwe ziwani. Zirudishwe nchi kavu.

Jaribio

Chukua kipande cha uzi wa pamba na kipande cha uzi wa nailoni, vyote vya unene unaolingana. Vifukie katika udongo wenye unyevu ndani ya kopo, umwagie maji kidogo kila siku. Baada ya majuma sita vitoe, uvivute. Ni kipi kimekatika? Andika uliyoyaona. Kumbuka kwamba pamba na nailoni zote ni polima, lakini viumbe vidogo vya udongoni huweza kula mkufu wa pamba, na mkufu wa nailoni huwashinda.

Maswali

1. Kwa nini nyavu za kitani zilianikwa kila mara?
2. Polima ni nini? Taja tatu zinazopatikana nyumbani kwenu.
3. Kwa nini ilimbidi Carothers aondoe maji katika mchanganyiko wake?
4. Uzi wa mwaka 1930 ulikuwa na kasoro gani?
5. Muulize mzee mmoja wa kijijini jinsi nyavu zilivyokuwa alipokuwa kijana. Eleza majibu yake darasani.
6. Utamsaidiaje mwenzako mwenye huzuni ya siku nyingi?