Shigeru Yoshida: Aliyeifungamanisha Japani na Magharibi

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 8 Septemba, 1951, mjini San Francisco, Marekani, Waziri Mkuu wa Japani Shigeru Yoshida alitia saini mikataba miwili. Wa kwanza, uliosainiwa na mataifa 49, ulihitimisha rasmi vita na kuirejeshea nchi yake mamlaka. Wa pili aliusaini peke yake kwa niaba ya Japani, nao uliruhusu majeshi ya Marekani kubaki nchini humo.

Yoshida alizaliwa Tokyo tarehe 22 Septemba, 1878, akalelewa na mfanyabiashara tajiri wa Yokohama. Alihitimu Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo mwaka 1906 na kujiunga na utumishi wa kidiplomasia, akapanda hadi kuwa Balozi nchini Italia na baadaye Uingereza. Aliupinga ushirika wa nchi yake na Ujerumani ya Hitler, na mwaka 1945 polisi wa jeshi walimtia kizuizini kwa kushiriki juhudi za siri za kutaka vita vikomeshwe.

Kifungo hicho kilimjengea imani baada ya Japani kushindwa. Aliiongoza Serikali kuanzia mwaka 1946 hadi 1947, kisha kuanzia 1948 hadi 1954.

Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, Marekani ilimtaka aunde upya jeshi kubwa. Yoshida alikataa. Aliona kuwa taifa lenye njaa na miji iliyoteketea lingefilisika kwa kununua silaha, hivyo akachagua kujenga uchumi na kuukabidhi ulinzi kwa mshirika mwenye nguvu. Vikosi vya Kujihami vilivyoanzishwa mwaka 1954 vilikuwa na ukubwa wa wastani.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Mkataba wa 1951 haukuilazimisha Marekani kuitetea Japani, lakini uliyapa majeshi yake ruhusa ya kuzima ghasia za ndani. Okinawa nayo ilibaki chini ya utawala wa Marekani hadi mwaka 1972. Wapinzani wake waliuona huo kuwa uhuru nusu, na mwaka 1960 mkataba ukaandikwa upya.

Jumuiya ya Kujihami ya Nchi za Atlantiki Kaskazini (NATO), iliyoundwa mwaka 1949, iliuwekea ulinzi wake mipaka ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Japani ilisimama nje, ikiegemea mkataba wa nchi mbili. Hata hivyo, mwaka 2007 Waziri Mkuu wa Japani alizuru makao makuu ya NATO kwa mara ya kwanza, na mwaka 2022 Japani, Korea Kusini, Australia na New Zealand zilialikwa katika mkutano wa wakuu wa jumuiya hiyo mjini Madrid.

Yoshida alifariki dunia nyumbani kwake Oiso tarehe 20 Oktoba, 1967, akazikwa kwa heshima za kitaifa. Swali alilolijibu kwa saini yake, la kiasi gani cha mamlaka taifa litoe ili lipate usalama, bado linajadiliwa nchini mwake.