Daktari wa San Lorenzo na mikono ya watoto wetu

Katika miji yetu, Eldoret ikiwa mojawapo, si ajabu kuliona neno Montessori limeandikwa kwa rangi za kupendeza juu ya lango la shule ya chekechea. Aghalabu lango lenyewe ni la shule ambayo karo yake mchuuzi wa mboga sokoni hathubutu kuiota. Nimewahi kuulizwa na mzazi mmoja, tena msomi, iwapo hilo ni jina la kampuni ya vitabu. Ni jina la mtu. Ni jina la mwanamke ambaye kazi yake ilianza miongoni mwa watoto waliosahauliwa kabisa, na kwa sababu hiyo nadhani yafaa walimu na wanafunzi wa ualimu wamjue japo kwa ufupi.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, nchini Italia. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali mwenye kushikilia mambo ya kale. Mama yake, Renilde, alipenda vitabu na alimtakia bintiye makuu. Familia ilihamia Roma Maria angali mtoto. Wakati huo msichana aliyebahatika kusoma alitarajiwa kuwa mwalimu, nao ualimu ndio hasa kazi ambayo Maria hakuitaka. Alijiunga na shule ya ufundi akidhamiria kuwa mhandisi, kisha akageukia udaktari. Katika Chuo Kikuu cha Roma hakuruhusiwa kupasua maiti pamoja na wanafunzi wa kiume, kwani ilionekana ni aibu mwanamke kutazama mwili ulio uchi mbele ya wanaume. Akalazimika kufanya kazi hiyo peke yake, baada ya wenzake kuondoka. Alihitimu mwaka 1896, akiwa mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa wa Italia kupata shahada ya udaktari.

Kazi yake ya awali ilimpeleka katika hifadhi za wagonjwa wa akili mjini Roma. Humo aliwakuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa pamoja na watu wazima katika vyumba vitupu, visivyo na hata kijiti cha kuchezea. Husimuliwa kwamba mlinzi wao alilalamika kuwa watoto hao wana uroho, kwa sababu baada ya kula hutambaa sakafuni wakiokota makombo ya mkate. Montessori aliwatazama akaona jambo jingine. Makombo hayo hayakuwa yakiliwa tu. Yalikuwa yakishikwa, yakifinywa na kupangwa, maana katika chumba kizima hapakuwa na kitu kingine ambacho mkono ungeweza kukishika. Akaanza kuvisoma vitabu vya madaktari wawili Wafaransa waliomtangulia, Itard na Séguin, ambao walikuwa wamewafundisha watoto wa namna hiyo kwa kutumia vitu vya kugusa. Mwaka 1900 akawa mmoja wa wakuu wa shule iliyoanzishwa Roma kwa ajili yao. Baadhi ya wanafunzi wake walifanya mitihani ya kawaida wakafaulu. Watu walipomshangilia, yeye akabaki na swali lililomkosesha raha: ikiwa watoto hawa wanaweza kufika walipofika wenzao walio wazima, je, hao wazima wanafanyiwa nini shuleni hata wasiende mbali zaidi?

Wasifu wa haki hauna budi kutaja pia jambo ambalo wapenzi wake walilificha kwa miaka mingi. Mwaka 1898 alijifungua mtoto wa kiume, Mario, nje ya ndoa. Baba yake alikuwa daktari mwenzake, Giuseppe Montesano. Mtoto alipelekwa kulelewa na familia ya mashambani, na hakuishi na mama yake mpaka alipokuwa kijana. Mama aliyeifundisha dunia kuwatazama watoto hakupata kumtazama wake akikua. Sitamhukumu. Jamii yake ingemnyang'anya kazi na heshima lau siri ingefichuka, na baba wa mtoto hakudaiwa gharama kama hiyo.

Tarehe 6 Januari 1907 ndiyo siku iliyombadilishia maisha. Katika mtaa wa makabwela wa San Lorenzo, mjini Roma, wenye majumba ya kupangisha walikuwa na kero: wazazi wakienda vibaruani, watoto wadogo waliobaki walizurura ngazini na kuzichafua kuta. Ikaonekana ni nafuu kuwakusanya mahali pamoja. Montessori akaombwa kusimamia chumba kimoja chenye watoto wapatao 50 wasiofika umri wa kwenda shule. Msomaji atambue kwamba hakuna aliyekuwa na nia ya kuwaelimisha. Lililotakwa ni kuziokoa kuta.

Alileta vile vifaa alivyovitumia kwa watoto wenye ulemavu, akavipanga mahali watoto wanapofikia, akaketi na kutazama. Siku moja alimwona msichana wa umri wa kama miaka mitatu akichomeka vipande vya mbao vya mviringo katika matundu yanayolingana navyo, akivitoa na kuvirudisha. Aliwaambia watoto wengine waimbe. Msichana hakugeuka. Alimwinua pamoja na kiti chake akamweka juu ya meza. Mtoto akavikumbatia vipande vyake na kuendelea. Alirudia zoezi hilo zaidi ya mara 40, kisha akaacha kwa hiari yake, akiwa na uso wa mtu aliyeamka kutoka usingizi mwema. Hakuna aliyemtuma wala kumwahidi peremende.

Hatua iliyofuata ndiyo inayonigusa mimi kama mwanaisimu. Montessori alikata herufi za msasa akazibandika juu ya vibao. Mtoto alizipapasa kwa vidole kwa kufuata mkondo wa mwandiko huku akitamka sauti ya herufi. Sauti, wala si jina lake. Mkono ukazoea umbo kabla ya kushika kalamu. Baada ya miezi michache mtoto mmoja aliyekuwa na chaki aligundua kwamba anaweza kuandika, naye akapiga kelele za furaha, na wenzake wakafuata, wakaandika sakafuni kila mahali. Waliandika kabla ya kujua kusoma. Yafaa kukumbuka kuwa Kiitalia huandikwa karibu sana na kinavyotamkwa, na katika hili Kiswahili hakiko nyuma hata kidogo: irabu zetu ni tano, na silabi zetu ziko wazi. Waliojaribu kuihamishia mbinu hiyo katika Kiingereza, chenye tahajia yake ya mafumbo, walitaabika. Nasi tuna lugha inayomfaa mtoto kama kiatu cha saizi yake, lakini katika shule nyingi twaanza na majina ya herufi za Kiingereza yanayoimbwa kwa pamoja, na mtoto hajui majina hayo yanahusiana vipi na neno mama.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Binti yangu alipokuwa na miaka minne alisoma katika shule moja ambayo sitaitaja. Jioni moja alirudi na kazi ya kujaza ukurasa mzima kwa herufi moja. Aliishika penseli kwa ngumi, karatasi ikachanika, akalia. Siku hiyohiyo nyanya yake alikuwa barazani akipukuchua mahindi, maana yalikuwa majira ya mavuno hapa Uasin Gishu. Mtoto akajisogeza kwake. Akaanza kuzitenga punje nyeupe na zilizooza, kisha akayapanga magunzi kwa urefu, na kwa muda wa karibu saa nzima hatukumsikia. Nilikuwa nimevisoma vitabu vya Montessori, lakini sikuutambua usomi uliokuwa mbele yangu. Nilimwita akamalize kazi ya shule. Mwalimu wake simlaumu. Sisi wazazi ndio tuliokuwa tukihesabu kurasa zilizojaa kila mwisho wa muhula.

Twapenda sana kusema samaki mkunje angali mbichi. Methali hii humfanya mtoto kuwa kitu cha kukunjwa, na nadhani Montessori angeikataa.

Umaarufu wake ulienea upesi, hasa baada ya kitabu chake cha mwaka 1909. Marekani ilimpokea kwa shangwe mwaka 1913. Hakukosa dosari: alipenda kudhibiti kila kitu, tangu mafunzo ya walimu hadi vifaa, na kwa miaka kadhaa alikubali ufadhili wa Mussolini. Walipofarakana mwaka 1934, shule zake nchini Italia zilifungwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamfukuza Hispania mwaka 1936, akahamia Uholanzi. Mwaka 1939, akiwa na miaka 69, alialikwa India. Italia ilipoingia vitani mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ya Uingereza ilimhesabu kuwa raia wa nchi adui, ikamzuia kusafiri na kumfunga Mario kwa muda. Alibaki huko hadi 1946 akifunza walimu zaidi ya elfu moja.

Alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952, akiwa na umri wa miaka 81. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba siku hiyohiyo alikuwa akizungumza na Mario kuhusu kusafiri hadi Gold Coast, Ghana ya leo, kwenda kuwafunza walimu wa Afrika.

Safari hiyo hakuifanya. Mbinu yake ilifika bila yeye, na haikuishia kwenye malango ya rangi za kupendeza. Tanzania ina vyuo vya kufunza walimu wa Montessori, kikiwamo cha Lushoto. Nasi, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Eldoret inazikumbuka vizuri kuliko inavyotaka, baadhi ya waliofukuzwa makwao walipiga kambi New Canaan, katika Nakuru. Huko ikaanzishwa shule ya Montessori iitwayo Corner of Hope, na wakimbizi wenyewe wakafunzwa ualimu ili wawafundishe watoto wa kambi.

Herufi za msasa zaweza kutengenezwa kwa gundi, mchanga wa mtoni na kipande cha katoni. Nimewaomba wanafunzi wangu wa ualimu watengeneze seti nzima kwa Kiswahili kabla ya muhula kwisha, na yangu nimekwisha kuianza.