Mganga Burkitt na Watoto Wenye Uvimbe wa Taya

Karibu na mji mdogo wa Enniskillen, katika nchi ya Ireland, mwaka 1911 alizaliwa mtoto, akaitwa Denis Burkitt. Baba yake alisimamia kazi ya barabara na madaraja. Baada ya kazi alipenda kuchunguza ndege wa bustani yake. Aliwatega ndege wadogo, akawatia pete miguuni, kisha akawaachilia. Kwa njia hiyo alijua kila ndege anakaa wapi na mpaka wake unaishia wapi, akayaandika yote katika ramani. Denis aliiona kazi ile nyumbani kwao. Baadaye ilimfaa sana.

Denis alipokuwa na miaka 11, siku moja wavulana walikuwa wakitupiana mawe. Jiwe likampiga Denis usoni, likavunja miwani yake, na kipande cha kioo kikamwingia jichoni. Waganga hawakuweza kuliponya jicho lile la kuume, wakaliondoa. Tangu siku ile aliona kwa jicho moja tu.

Alipokuwa kijana alikwenda mji wa Dublin kujifunza kazi ya uinjinia, kama baba yake. Lakini alikuwa Mkristu mwenye kusali, na moyoni mwake aliona kwamba Mungu anamwita kutunza wagonjwa. Akaacha masomo ya kwanza, akashika masomo ya uganga, akayamaliza mwaka 1935. Kisha akajifunza upasuaji. Alitaka kuja Afrika, lakini mara ya kwanza akakataliwa kwa sababu ya jicho lake. Burkitt hakukata tamaa. Wakati wa vita alikuwa mganga wa askari, na mwaka 1946 akapewa kazi katika Uganda. Kwanza alikaa Lira, halafu mwaka 1948 akahamia hospitali kubwa ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mganga mwenziwe, Hugh Trowell, alimwita aje kutazama mtoto mmoja wa kiume, mwenye umri wa miaka 5 hivi. Uso wa mtoto ulikuwa umeharibika. Taya zake zilivimba pande nne: juu na chini, kuume na kushoto. Meno yake yalikuwa yakilegea. Burkitt alishangaa. Alizoea kuona uvimbe upande mmoja, lakini pande nne kwa mara moja hakupata kuona. Wala hakuwa na njia ya kumsaidia, maana kisu cha mpasuaji hakiwezi kuondoa uso wote wa mtoto.

Baada ya majuma machache alikwenda hospitali ya Jinja. Alipochungulia dirishani akaona mtoto mwingine ameketi nje majanini pamoja na mama yake. Uso wa mtoto huyo ulikuwa sawasawa na uso wa yule wa Kampala. Burkitt akatoka upesi kumtazama. Alipompima tumbo, akakuta uvimbe mwingine ndani. Hapo akawaza moyoni: mtoto mmoja ni jambo la ajabu, lakini watoto wawili ni jambo la kuchunguza.

Basi akarudi Mulago, akafungua vitabu vya hospitali vilivyoandikwa habari za wagonjwa. Akaona kwamba watoto wengi walikuwa wamekufa kwa uvimbe wa namna hiyo. Wengine walivimba taya, wengine tumbo, wengine macho. Kila uvimbe ulikuwa umepewa jina lake, kama ni magonjwa mbalimbali. Burkitt akatambua kwamba ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 aliandika habari hizo. Wenziwe waliotazama vipande vya uvimbe kwa darubini wakaona kwamba ni kansa. Kansa ni ugonjwa wa mwili ambao vichembe vyake vinaongezeka bila mpango, kama magugu katika shamba. Kansa hii ilikua upesi mno, na kwa muda wa miezi michache mtoto alikufa.

Sasa Burkitt akakumbuka ramani. Alitaka kujua ugonjwa huo unakaa wapi. Akapiga chapa karatasi zaidi ya 1,000 zenye picha za wagonjwa na maulizo machache, akazipeleka kwa posta katika hospitali za serikali na za misioni pande nyingi za Afrika. Kila jibu lilipofika aliweka alama katika ramani iliyotundikwa ukutani. Alama zikaonyesha mkanda mpana unaopita katikati ya Afrika.

Lakini mkanda huo ulikuwa na mipaka, na Burkitt alitaka kuiona kwa jicho lake. Mwezi wa Oktoba mwaka 1961 alifunga safari kwa motokaa kuukuu pamoja na waganga wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alitoka hospitali ya misioni ya Kuluva, karibu na mpaka wa Kongo. Walisafiri majuma 10, wakaenda kilometa 16,000 hivi, wakafika mpaka Afrika ya Kusini na kurudi. Waliingia katika hospitali zaidi ya 50. Kila mahali walionyesha picha zao na kuuliza kama waganga wa pale wamepata kuona watoto wa namna hiyo.

Waliona nini? Karibu na ikweta ugonjwa haukupatikana katika milima inayopita meta 1,500 hivi. Kusini zaidi, hata vilima vifupi havikuwa nao. Mtaalamu mmoja wa Entebbe, jina lake Haddow, akawafumbulia jambo hilo: kinachouzuia ugonjwa si mlima wenyewe, bali ni baridi. Tena mahali penye mvua haba haukuonekana. Joto na mvua vinaleta mbu, na mbu wanaleta malaria. Mwaka 1964 Epstein na wenziwe huko London, waliopata vipande vya uvimbe kutoka kwa Burkitt, waliona ndani yake kijidudu kidogo mno, ndicho virusi. Virusi hivyo vinaingia karibu watu wote duniani, na mara nyingi havidhuru. Lakini malaria ikimpata mtoto mara kwa mara, mwili wake unashindwa kuvizuia vema, na hapo kansa inapata nafasi.

Lakini kujua ugonjwa unakaa wapi si kuuponya, na watoto waliendelea kuletwa Mulago. Huko hapakuwa na mashini ya kuchoma uvimbe kwa mwali. Burkitt mpasuaji alitambua kwamba kisu chake hakifai. Hakuona haya kukiweka chini. Akajaribu dawa mpya zilizotoka Marekani na Ulaya.

Dawa moja yaitwa metotrekseti. Kila kichembe cha mwili kinataka chakula fulani kabla ya kugawanyika kuwa viwili. Dawa hii inafanana na chakula hicho, lakini si chakula. Kichembe kinadanganyika, kinaipokea, kisha kinashindwa kuongezeka. Kwa sababu vichembe vya kansa vinaongezeka upesi kupita vingine, ndivyo vinavyoumia zaidi. Hata hivyo dawa hiyo ni kali. Ikizidi inaharibu damu njema, kwa hiyo mganga hana budi kuipima kwa uangalifu mkubwa.

Matokeo yaliwashangaza wote. Uvimbe mkubwa ulianza kunywea kwa siku chache, na mama akaona tena uso wa mtoto wake. Kwa watoto wengine uvimbe ulirudi, wakafa, na waganga walihuzunika. Lakini wengine walipewa dawa mara moja au mara mbili tu, wakakaa wazima miaka mingi. Siku zile waganga wengi wa dunia walifikiri kwamba dawa haiwezi kuponya kansa. Watoto wa Uganda, wa Kenya na wa nchi za jirani waliwaonyesha kwamba yawezekana. Mwaka 1967 kilifunguliwa huko Mulago kituo cha kutunza wagonjwa hao, na kituo hicho ndicho mwanzo wa hospitali ya kansa ya Uganda.

Burkitt alikuwa amerudi Uingereza mwaka 1966. Huko aliwafundisha watu kula nafaka isiyokobolewa sana, maharagwe na mboga. Mwaka 1972 alipewa pamoja na wengine tuzo kubwa ya Lasker ya Marekani, kwa kazi ya kuponya kansa kwa dawa. Akafa mwaka 1993, akiwa na miaka 82. Ugonjwa ule unaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Watoto, ugonjwa huo upo katika Kongo pia. Ukiona ndugu yako mdogo amevimba taya au tumbo, na uvimbe unaongezeka, usimcheke wala usimfiche. Waambie wazazi wampeleke hospitali upesi. Anayefika mapema ana tumaini kubwa la kupona. Anayecheleweshwa, hata dawa njema yaweza kushindwa. Na wewe mwenyewe lala ndani ya chandalua. Burkitt alikuwa na jicho moja tu, lakini alilitumia vizuri. Watu wengi wenye macho mawili walikuwa wamepita mbele ya watoto wale, wasiulize neno.

Maulizo

1. Baba yake Burkitt alichunguza ndege kwa namna gani? Kazi hiyo ilimfaaje mwanawe?
2. Kwa nini mtoto wa Jinja alimfikirisha Burkitt kuliko mtoto wa kwanza?
3. Joto na mvua vinahusikaje na ugonjwa huu?
4. Eleza jinsi metotrekseti inavyokidanganya kichembe cha kansa.
5. Utafanya nini ukiona mtoto mwenye uvimbe wa taya?