James Chuma, Aliyelelewa na Wengi

Tunapohesabu miaka ya kanisa katika nchi hii ya Rufiji, hatuna budi kumkumbuka mtu mmoja asiyekuwa padre wala mwalimu, aliyepita juu ya mto wetu mwaka 1879.

Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alikamatwa akauzwa, na mwezi wa Julai 1861 alikuwa katika msafara wa watumwa kule nchi ya Shire, ndipo Daktari Livingstone na Askofu Mackenzie walipoukuta, watumwa wakafunguliwa. Askofu akamlea, lakini akafa Januari 1862. Mwaka 1864 Livingstone akampeleka Bombay, akamweka shuleni kwa Daktari Wilson, naye akabatizwa huko mwaka 1865. Basi mtoto aliyepokonywa wazazi alipata walezi watatu kabla ya kuota ndevu.

Mwaka 1866 akarudi Afrika pamoja na Livingstone. Msidhani kwamba alikuwa mtumishi asiye na kosa. Mwaka 1868 mzee alipotaka kwenda ziwa la Bangweulu, wengi wa watu wake walikataa kwa kuchoka, na Chuma alikuwa miongoni mwao. Mzee aliporudi hakumfukuza, maana alijua ya kuwa yeye naye ana makosa yake, akampokea tena. Kwangu mimi, Chuma alifundishwa dini siku ile kuliko siku zote za Bombay.

Livingstone alipofariki kwa Chitambo, Mei 1873, Chuma na Susi na wenzao waliukausha mwili juani, wakauchukua hata pwani. Walipofika Unyanyembe Wazungu waliwashauri wauzike pale pale. Hawakukubali. Wakafika Bagamoyo Februari 1874.

Sasa tuje kwetu. Mwezi wa Mei 1879 Chuma alitoka Dar es Salaam, mkuu wa wapagazi wa Bwana Keith Johnston. Pamoja nao alikuwa kijana wa miaka 21, Joseph Thomson, asiyepata kuongoza msafara wo wote. Wakapita Uzaramo, wakafika Behobeho, kaskazini ya Rufiji, mahali palipo leo ndani ya Hifadhi ya Nyerere. Pale Johnston akafa kwa kuhara damu, tarehe 28 Juni. Kijana akabaki na watu wapata 150, na njia asiyoijua mbele yake.

Chuma mwenyewe alikuwa hajazidi sana miaka thelathini, ila msiba wa namna ile ulikwisha kumpata. Angaliweza kuushika msafara awe bwana. Hakufanya hivyo. Alimwachia kijana uongozi, akasimama ubavuni pake, akawatuliza wapagazi, akasema na wakubwa wa nchi kila walikopita. Wakafika Nyasa, wakafika Tanganyika, wakarudi pwani mwaka 1880, na Thomson akamsifu katika kitabu chake.

Askofu Steere wa Unguja naye alikwisha kumtumia katika safari ya Uyao, mwaka 1875. Wote wawili walifariki mwaka 1882. Chuma alifia Unguja. Susi, mwenzake wa miaka mingi, alikuwa bado Mwislamu. Akabatizwa mwaka 1886, akapewa jina la David, jina la yule mzee waliyemchukua pamoja.