Abushiri bin Salim

Abushiri bin Salim al-Harthi (alifariki Pangani, 15 Desemba 1889) alikuwa mwenye mashamba ya miwa na kiongozi wa upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani katika miaka 1888-1889. Vita alivyoongoza hujulikana kama Vita vya Abushiri. Vilianza katika miji ya pwani ya Tanzania ya leo, lakini vilifika hadi Mpwapwa, katika Mkoa wa Dodoma wa sasa.

Maisha ya awali

Abushiri alizaliwa na baba Mwarabu wa ukoo wa al-Harthi na mama Mworomo. Alikuwa na shamba la miwa karibu na Pangani. Hakuwa na uhusiano mzuri na Sultani wa Zanzibar, ingawa pwani ilihesabiwa kuwa chini ya Sultani huyo.

Vita vya pwani

Mwaka 1888 Sultani Khalifa bin Said aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki. Mwezi Agosti maafisa wa kampuni walipandisha bendera yao mijini na kuanza kudai ushuru. Huko Pangani watu walikasirishwa na ukali wa mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, wakaasi. Waarabu, Waswahili na watu wa bara waliungana, na Abushiri akawa kiongozi wao. Baada ya muda mfupi Wajerumani walibaki na Bagamoyo na Dar es Salaam tu.

Kampuni iliposhindwa, serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann Wissmann. Alileta askari mamluki, wengi wao kutoka Sudan na wengine kutoka Msumbiji. Tarehe 8 Mei 1889 waliteka boma la Abushiri karibu na Bagamoyo. Watu wake wengi waliuawa, lakini yeye mwenyewe aliponyoka na kuelekea bara.

Shambulio la Mpwapwa

Mpwapwa iko chini ya milima, kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Misafara ilipumzika hapo kwa sababu palikuwa na maji na chakula. Mbele yake kulikuwa na Marenga Mkali, nyika kavu iliyopaswa kuvukwa kabla ya kufika Ugogo. Hivyo mwenye kuishika Mpwapwa aliweza kuizuia njia yote. Wamisionari Waanglikana walikuwa na kituo huko tangu miaka ya 1870, na kampuni ya Kijerumani nayo iliweka kituo chake.

Katikati ya mwaka 1889 Abushiri alikishambulia kituo cha kampuni. Mjerumani mmoja aliuawa, mwenzake akatoroka. Hata hivyo Abushiri hakubaki Mpwapwa. Alirudi kuelekea pwani pamoja na wapiganaji wa Wambunga, ambao walipora vijiji njiani. Uporaji huo ulimpunguzia marafiki miongoni mwa wenyeji. Mwezi Oktoba Wambunga walishindwa na Wajerumani huko Yombo.

Mwezi huohuo Wissmann alifika Mpwapwa, akajenga boma na kuacha askari. Mwezi Novemba Henry Morton Stanley na Emin Pasha, waliokuwa wakitoka bara kwenda Bagamoyo, waliwakuta Wajerumani wameshakaa hapo.

Kifo

Baada ya kupoteza pwani na njia ya bara, Abushiri alibaki na wafuasi wachache. Mkuu wa kijiji aliyeitwa Magaya alimkamata na kumkabidhi kwa Wajerumani. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Baada yake

Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hadi Aprili 1890. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ilichukua rasmi utawala kutoka kwa kampuni. Boma la Mpwapwa lilikuwa kati ya vituo vya kwanza vya kijeshi vya Wajerumani katika bara, na kwa njia hiyo utawala wao ulipata mlango wa kuingia Ugogo na nchi za mbele yake.